Lainibeka bora wa Penn State ni Dennis Onkotz

Jumamosi za Septemba hadi Novemba, masaa manne kabla ya mpira kuanza, viwanja vya nyasi vinavyouzunguka Beaver Stadium hujaa magari, majiko ya mkaa na watu waliovaa buluu na nyeupe. Sisi huwa tunaegesha upande ule ule kila mwaka: mimi na mke wangu, jamaa wawili niliofahamiana nao kazini, na mzee jirani yetu ambaye amekuwa akija hapa tangu ujana wake, siku hizi na mjukuu wake. Nyama ikianza kunukia, mada hujileta yenyewe. Ni nani lainibeka bora kuliko wote waliowahi kuichezea Penn State, timu ya chuo chetu katika mpira wa Marekani?

Mzee husema Jack Ham, na hataki kusikia jina jingine. Mjukuu husema Micah Parsons. Wale jamaa wa kazini wamegawana LaVar Arrington na Paul Posluszny. Mimi nasema Dennis Onkotz. Mara ya kwanza nilipolitaja jina hilo, yule kijana aliniuliza, "Ndiye nani huyo?" Hakuniuliza kwa dharau, hakuwa amewahi kumsikia. Nililala na swali lile, na ndilo lililonifanya nikae niandike haya.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuufuatilia mpira wa Marekani, nianze na kazi yenyewe. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Mbele kabisa ya ulinzi husimama mapande ya watu, wanasukumana na mapande wenzao. Nyuma kabisa wako wepesi, wanaowakaba wapokea pasi. Katikati ya makundi hayo mawili ndipo anaposimama lainibeka. Wa karibu naye katika soka ni kiungo mkabaji: anausoma mchezo kabla haujafunguka, anaziba mianya, na mara nyingi ndiye anayewapangia wenzake pa kusimama. Ila huyu kazi yake huishia kwa kumgonga mtu na kumlaza chini. Mbio zikija kwake anaangusha, pasi ikipita kwake anaikaba, na kwotabeki, yule mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, akizubaa na mpira mkononi anamfuata huko huko alikojificha. Lainibeka mzuri anajua kufanya yote matatu, na walio wazuri katika yote matatu ni wachache sana.

Penn State imewatoa wengi kiasi cha kuitwa Linebacker U, yaani Chuo cha Malainibeka. Vyuo vingine vinalidai jina hilo na wana hoja zao, leo sina nafasi ya kugombana nao. Chuo chenyewe kiko State College, mji mdogo katikati ya milima ya Pennsylvania, na uwanja ambao kwa miaka mingi umeingiza watu 106,572. Nilipofika hapa kama mwanafunzi niliona ajabu kwamba mji mzima unaweza kusimama kwa ajili ya vijana wa miaka ishirini. Baada ya msimu mmoja nilikuwa nimesimama nao.

Sasa, kosa ninaloliona katika ubishi huu, na nimelisikia kwa watu wenye maarifa kunizidi: tunahesabu mambo yaliyotokea baada ya kijana kuondoka chuoni. Tukiulizwa lainibeka bora wa Penn State, vichwa vinakimbilia NFL, ligi ya kulipwa. Ham anashinda kwa sababu ya Pittsburgh Steelers. Parsons anapewa kura kwa sababu ya Dallas. NaVorro Bowman anapanda ngazi kwa sababu ya San Francisco. Swali lilikuwa la chuo. Basi tupime kile alichokifanya akiwa na jezi yetu, miaka ile aliyokuwa nayo, na hayo mengine tuwaachie wenyewe.

Nimchukue Ham mwenyewe, maana ndiye mgumu. Alitoka Johnstown, mji wa chuma na makaa ya mawe, na wakati wa kuandikishwa alipata nafasi ya mwisho kabisa ya ufadhili wa masomo katika kundi lake. Mwaka 1968, msimu wake wa kwanza kikosini, alizuia mipira mitatu iliyokuwa ikipigwa kwa mguu na wapinzani. Mwaka 1970 alikuwa nahodha mwenza na akatajwa All-American, kile kikosi cha heshima cha wachezaji bora wa nchi nzima. Halafu akaenda Pittsburgh: pete nne za Super Bowl, fainali ya NFL, pasi 32 alizonasa, na mwaka 1988 akaingia kwenye Jumba la Heshima la mpira wa kulipwa. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayembishia Ham. Wapo wanaosema ndiye lainibeka wa pembeni aliyekuwa na akili ya mchezo kuliko wote waliowahi kuishi, na mimi nikitazama picha zake za zamani nakubali.

Lakini misimu ya 1968 na 1969 Ham alikuwa uwanjani pamoja na Dennis Onkotz. Walivaa jezi moja, walifundishwa na kocha mmoja wa malainibeka, wakakutana na wapinzani wale wale. Na miaka yote miwili, All-American kati yao alikuwa Onkotz. Waliowaona wote wawili kwa macho, wiki baada ya wiki, walikuwa wameshaamua. Uamuzi ulikuja kugeuzwa miaka kumi baadaye na Super Bowl.

Onkotz alitoka Northampton, mashariki ya jimbo. Aliingia kikosini mwaka 1967, na mwanzo wa mwaka ule ulikuwa wa aibu. Penn State ilifungwa na Navy 23 kwa 22 mchezo wa kwanza, na Joe Paterno, aliyekuwa kwenye msimu wake wa pili tu kama kocha mkuu, alikuwa bado hajamshawishi mtu yeyote kwamba anaijua kazi. Akafanya uamuzi wa mtu aliyebanwa ukutani: akawatoa wakubwa na kuwaingiza vijana wa mwaka wa pili. Onkotz alikuwa mmoja wao. Wakaenda Miami wakashinda. Wakafungwa na UCLA, na baada ya hapo timu ile haikupoteza mchezo mwingine hadi Septemba 1970. Michezo 31. Sare ni moja tu, 17 kwa 17 na Florida State kwenye Gator Bowl, mchezo wa baada ya msimu. Misimu ya 1968 na 1969 yote miwili ilimalizika kwa ushindi 11 bila kufungwa.

Novemba 1967 walikuja North Carolina State, timu iliyokuwa haijafungwa na iliyokuwa ya tatu nchini. Onkotz alinasa pasi akakimbia nayo hadi mwisho, tachidauni. Dakika za mwisho Penn State inaongoza 13 kwa 8, wageni wako yadi moja kutoka mstarini, jaribio la nne. Wakampa mpira mkimbiaji wao apenye katikati. Onkotz na Jim Kates wakakutana naye pale pale, akaishia hapo. Kama kuna dakika moja ambayo enzi ya Paterno ilianza kweli, mimi naiweka hapo, na kijana aliyesimama kwenye ule mwanya alikuwa wa mwaka wa pili.

Tazama hesabu zake. Misimu mitatu, maangusho 287, pasi 11 alizonasa, tatu kati ya hizo akazifikisha kwenye tachidauni. Pasi 11 ni hesabu nzuri hata kwa beki wa nyuma ambaye kazi yake ni hiyo tu. Juu ya hayo ndiye alikuwa akirudisha mipira iliyopigwa kwa mguu na wapinzani. Kazi hiyo hupewa vijana wadogo wenye kasi, watu wa kukwepakwepa, kwa sababu unasimama peke yako ukiangalia juu huku watu kumi na mmoja wanakuja kukuvunja. Kumpa lainibeka ni kama kumwambia beki wa kati ndiye atakayepiga chenga zote za winga. Onkotz aliifanya, na aliifanya vizuri. Na alikuwa akisoma biofizikia. Inasimuliwa hapa mjini kwamba Jumamosi asubuhi, siku ya mchezo, alikuwa anaingia darasani kwanza.

Hapa jamaa zangu huniletea Dan Connor. Connor ana maangusho 419, rekodi ya chuo, aliyoiweka alipomaliza mwaka 2007, naye alikuwa mchezaji wa kweli. Lakini kuweka 419 kando ya 287 bila kueleza ni kumwonea Onkotz. Kabla ya mwaka 1972 wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kucheza kikosi kikuu, kwa hiyo wa zama zile walipata misimu mitatu ambapo Connor alipata minne. Msimu wa kawaida ulikuwa wa michezo kumi. Tena takwimu za michezo ya baada ya msimu, hizi za Orange Bowl na wenzake, zilianza kuhesabiwa rasmi mwaka 2002 tu. Yaani kila alichokifanya Onkotz dhidi ya Florida State, Kansas na Missouri kimeachwa nje ya daftari. Kwenye mchezo ule wa Missouri, Januari 1970, ulinzi wa Penn State ulinasa pasi saba na kushinda 10 kwa 3. Gawanya maangusho 287 kwa michezo thelathini ya kawaida, uone mwenyewe unapata ngapi kwa mchezo. Karibu kumi.

Kwa nini basi kijana wa leo hamjui? Kwa sababu ya mguu. New York Jets walimchukua raundi ya tatu ya drafti ya mwaka 1970, pale timu za NFL zinapochagua vijana kutoka vyuoni, na katika msimu wake wa kwanza akavunjika mguu. Hakucheza tena. Ham akaenda Pittsburgh mwaka uliofuata, na kila Januari televisheni ikawa inatukumbusha anakotoka. Onkotz hakuwa na televisheni ya kumkumbusha mtu. Aliingia Jumba la Heshima la mpira wa vyuo mwaka 1995, miaka ishirini na sita tangu avue jezi. Hili linaniuma. Mfupa mmoja uliovunjika New York umetumika kupunguza misimu mitatu aliyocheza hapa, kana kwamba alivunjika mguu akiwa kwetu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya kwanza ni ya Shane Conlan. Kama ubishi ungekuwa juu ya usiku mmoja, ningefunga mjadala kwake. Fiesta Bowl, tarehe 2 Januari 1987, Miami ya kwotabeki Vinny Testaverde dhidi ya Penn State, bingwa wa nchi anatafutwa. Miami walikuwa wameshuka kwenye ndege wamevaa magwanda ya kijeshi, na kwa kipaji walituzidi, hilo tuseme tu. Conlan, kijana kutoka Frewsburg, kijiji cha New York ambako vyuo vikubwa havikuhangaika kwenda kumtazama, alicheza akiwa ameumia goti na kifundo cha mguu. Alinasa pasi mbili. Ya pili aliikimbiza yadi 38 hadi yadi tano za Miami, akichechemea, na mkimbiaji wetu D.J. Dozier akaingiza mpira uliotupa 14 kwa 10. Testaverde alinaswa mara tano usiku ule, na ya mwisho, sekunde 18 zikiwa zimebaki, ilinaswa na lainibeka mwingine, Pete Giftopoulos. Mke wangu, ambaye mpira huu alianza kuutazama kwa kunihurumia, ameurudia mchezo huo mara nyingi kuliko mimi.

LaVar Arrington ndiye kipaji kikubwa zaidi, na hapo sibishani na mtu. Mwaka 1998 dhidi ya Illinois, jaribio la nne, zimebaki inchi chache, aliusoma mpango wa wapinzani akaruka juu ya ukuta mzima wa wachezaji, akatua juu ya mwenye mpira kabla hajapiga hatua. Kila mwaka huonyeshwa, na kila mwaka watu wanapiga kelele kama vile hawajui kitakachotokea. Mwaka 1999 alichukua tuzo ya Butkus, ya lainibeka bora wa vyuo, na ya Bednarik, ya mlinzi bora wa vyuo, kisha akachaguliwa wa pili katika drafti yote ya 2000, nyuma ya Courtney Brown waliyecheza naye hapa. Ila timu ile ya 1999 ndiyo iliyoniachia kinyongo na historia ya chuo hiki. Walishinda tisa mfululizo, wakawa wa pili nchini, halafu Minnesota wakaja hapa nyumbani wakawafunga 24 kwa 23 kwa teke la mwisho la mchezo, na mbili zilizofuata zikapotea pia. Hakuwa mkosaji yeye. Lakini ninapopima ukubwa naangalia pia timu ilifika wapi mtu huyo akiwa katikati yake, na Onkotz misimu yake miwili ya mwisho hakufungwa hata mara moja.

Wa karibu kabisa na Onkotz, kwangu, ni Posluszny. Alifika mwaka 2003, Penn State ikashinda michezo mitatu ikafungwa tisa. Mwaka 2004 wakashinda minne, na watu hapa walikuwa wanasema waziwazi kwamba Paterno aende nyumbani. Novemba mwaka ule, baada ya vipigo sita mfululizo, walikuwa Indiana wakiongoza kidogo na wenyeji wakafika yadi moja kutoka mstarini. Ulinzi ukasimama. Wenyeji wakajaribu tena na tena, hawakupita. Wachezaji wenyewe husema 2005 ilianzia pale: msimu wa ushindi 11, kipigo kimoja cha sekunde ya mwisho kule Michigan, na Orange Bowl iliyokwisha baada ya nyongeza tatu dhidi ya Florida State, 26 kwa 23. Kwenye timu hiyo alikuwemo Tamba Hali, aliyezaliwa Liberia na kukimbia vita akiwa mtoto. Yeye alicheza mstari wa mbele, si lainibeka, lakini Mwafrika yeyote aliyeishi hapa atanielewa kwa nini siwezi kuuongelea mwaka 2005 nisimtaje. Posluszny alichukua Bednarik mara mbili, 2005 na 2006, na Butkus mwaka 2005, na akawa nahodha miaka miwili. Ukiniambia yeye ndiye wa kwanza, sitakubishia kwa sauti kubwa.

Kuna jina jingine ambalo pale kwenye majiko watu hulikwepa, nami sitalikwepa. Kwa miongo mitatu aliyefundisha malainibeka wa hapa, kisha ulinzi wote, alikuwa Jerry Sandusky. Mwaka 2012 alipatikana na hatia kwa makosa 45 ya kuwadhalilisha watoto kingono. Sifa nyingi za Linebacker U zilikuwa zimebandikwa jina lake, na nimesikia watu wakisema afadhali tuache kabisa kuutaja urithi huo. Naheshimu wanaosema hivyo. Waliodhulumiwa walikuwa watoto, na hakuna tuzo wala rekodi ya kuweka kwenye mizani pamoja nao. Mimi naona wajibu wetu ni kusema yote mawili: alichokifanya, na kwamba nafasi hii uwanjani haikuwa mali yake. Aliyewalea Onkotz na Ham kama malainibeka alikuwa Dan Radakovich, kabla Sandusky hajakabidhiwa kundi hilo mwaka 1970. Jina hilo nalo limesahaulika mno.

Na katika kiangazi hicho hicho cha 2012, adhabu za chuo kwa kashfa hiyo zilipotangazwa na wachezaji wakaruhusiwa kuhamia kokote, aliyetoka mbele ya kamera pamoja na mwenzake Michael Zordich kusema wanabaki alikuwa lainibeka Michael Mauti. Magoti yake yote mawili yalikuwa yameshachanika, kila moja mara moja. Msimu huo, wiki moja kabla ya mchezo wa mwisho, moja likachanika tena. Siku ya Wisconsin wenzake wote wakabandika namba yake, 42, kwenye kofia zao, na wakashinda 24 kwa 21 katika muda wa nyongeza. Mauti hayumo katika watano wangu kwa hesabu. Mzee wetu humweka wa pili, nyuma ya Ham, na akimtaja sauti yake hubadilika. Hapo huwa sisemi kitu.

Namrudia kijana na Parsons wake. Parsons alitoka Harrisburg, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na mwaka 2018 aliongoza timu kwa maangusho akiwa ameanza mchezo mmoja tu. Kwenye Cotton Bowl ya mwisho wa 2019 dhidi ya Memphis alikuwa haguswi. Kisha mwaka 2020, wa korona, hakucheza, akaenda drafti. Misimu miwili. Ninaamini angebaki angeweza kuwapita wote, na nimemwambia kijana hivyo. Lakini alicheza miwili, na siwezi kumpa Onkotz adhabu kwa mguu uliovunjika New York halafu nimpe Parsons zawadi kwa aliyoyafanya Dallas.

Kwa hiyo orodha yangu ni hii: Onkotz, Posluszny, Arrington, Conlan, Ham. Ham kuwa wa tano nimeandika mkono ukiwa mzito, na najua nitakutana nayo Septemba. Nimeshamwahidi mzee kwamba nyama siku hiyo nitaleta mimi, na yule kijana ameniomba nimletee mkanda wa North Carolina State, ile ya yadi moja, akaione mwenyewe.